Rangi ya asali hutoka kikaangoni

Msomaji wetu wa Tanga anauliza: "Assalaam alaykum, Bi. Mwaka jana nilikwenda Maskati kumtazama dada yangu aliyejifungua. Kila nyumba tuliyoingia tuliletewa kahawa nyepesi ya rangi ya asali, inanukia iliki na maji ya waridi. Tangu nirudi nimejaribu mara nne. Nanunua kahawa ya unga ya dukani, natia iliki, karafuu na zafarani, nachemsha vyote pamoja. Inatoka nyeusi, chungu, na iliki siisikii. Mara ya mwisho nilitia iliki kijiko kizima kizima, bado. Dada na shemeji wanakuja Iddi na ningependa kuwatilia kahawa kama ile. Nimekosea wapi?"

Waalaykum salaam, mwanangu, na hongera ya mtoto. Iliki umetia, karafuu umetia, zafarani umetia. Kosa limo ndani ya pakiti ya kahawa, na lilikuwamo kabla hujaifungua.

Lugha yetu ina maneno mawili, na yote mawili tumeyapata kwa Waarabu. Kahawa ni kinywaji, buni ni punje. Siku hizi tunasema kahawa kwa vyote viwili, na ndiyo maana tunaisahau kazi iliyo katikati yake, kazi ya kukaanga. (Wenzetu wa Kenya wasichanganyikiwe: wao wakisema mbuni kwenye vyama vya ushirika wanakusudia kahawa iliyokaushwa na ganda lake. Huku pwani buni ni punje, mbuni ni mti.) Unga uliokuwamo pakitini ulikaangwa mpaka ukawa mweusi, na mara nyingi ndani yake mna robusta ya Kagera, aina ya kahawa iliyo nzito na kali kwa asili. Umetengenezwa kwa ajili ya kahawa chungu ya barazani, ile unayokunywa na kashata jioni huku vikombe vya muuzaji vinagongana. Hiyo ni kahawa nzuri, na mimi mwenyewe sipiti Jaws Corner, ile baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe Unguja, bila ya kuinywa. Lakini buni ikikaangwa hadi weusi, sukari iliyomo huungua, na asidi zake za asili hugeuka kuwa vitu vingine vilivyo vichungu zaidi. Uchungu huo ukishaingia hautolewi na iliki, hata utie kopo zima. Wala weusi hauondoki kwa kuongeza maji. Utapata maji meusi.

Kahawa uliyokunywa Maskati ilikuwa ya asali tangu ilipokuwa punje.

Waarabu nao hawana kahawa moja, na ni vizuri ujue unaitaka ipi, maana maelezo mengi yanazichanganya. Watu wa Najd, Saudi Arabia, wanaiivisha buni kidogo sana, rangi ya majani makavu, kisha wanatia iliki kwa wingi mpaka kinywaji kinakuwa cha manjano. Watu wa Sham, yaani Syria na jirani zake, wanakaanga sana, wanachemsha na kurudia kuchemsha, inatoka nyeusi tii, wanaiita sada. Yemen, ambako masufi walikuwa wakiinywa katika karne ya 15 ili wakeshe kwa dhikri, wanapenda pia kuchemsha maganda ya buni na tangawizi, na kinywaji hicho ni kishri. Waomani wamesimama katikati: buni imeiva kuliko ya Najd, rangi ya mdalasini, ndani yake iliki, karafuu kidogo, zafarani, na maji ya waridi mwisho. Hiyo ndiyo uliyoinywa kwa dada yako, na ndiyo niliyofundishwa na mama mkwe wangu nilipoolewa kule. Nimeikaanga kwa miaka zaidi ya 30 sasa.

Tuanze na buni. Tafuta buni mbichi ya aina ya arabika, punje za kijani kibichi zinazoelekea kijivu, zisizo na harufu ya ukungu. Kule Ghuba wanapenda sana kahawa ya Uhabeshi, hasa ya Harar, inayokaushwa juani na tunda lake na kubaki na utamu wa matunda makavu. Wewe uko Tanga, huna haja ya kwenda mbali. Arabika ya milima ya Usambara au ya Kilimanjaro inafaa kabisa. Waulize wanaonunua kahawa kwa wakulima, si wauza pakiti. Robusta usiikubali hata ukipewa bure, kwani ikikaangwa kidogo ina ladha ya gunia na maharage mabichi. Mwaga buni kwenye ungo ukae nazo mlangoni penye mwanga. Toa zilizotobolewa na wadudu, zilizo nyeusi, zilizovunjika. Punje moja iliyooza inasikika kwenye birika zima, na katika kahawa nyepesi hakuna weusi wa kuificha.

Sasa kikaango. Chukua cha chuma, kizito, chenye kitako kinene, kisichonuka vitunguu. Tia gramu 100 tu, zisirundikane. Moto wa wastani. Ukishazitia, usiuache mwiko. Mama mkwe wangu alikuwa akikaa kwenye kibao, kikaango juu ya jiko la mkaa, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama anayemsikiliza mtu anayenong'ona. Siku za mwanzo nilidhani anasinzia. Alikuwa anasikiliza buni, na alikuwa ananusa. Alinambia, macho yatakudanganya kwa sababu mwanga wa asubuhi si mwanga wa magharibi, lakini pua haidanganywi.

Utakachonusa ni hiki. Dakika tatu nne za mwanzo ni harufu ya majani mabichi, kama nyasi zilizofyekwa, na punje zinapauka. Kisha inakuja harufu ya mchele unaokaangwa, na rangi inakuwa ya majani makavu. Watu wa Najd wanakaribia kuepua hapa. Wewe endelea. Baada ya hapo inatoka harufu ya mkate unaookwa, moshi mwembamba unapanda, na vijiganda vyembamba kama karatasi vinaanza kubanduka na kuruka. Hapo ndipo utege sikio. Utasikia mlio mmoja, ta! kama bisi moja iliyopasuka. Halafu kimya. Halafu miwili, mitatu. Punje zimevimba, mfereji wa katikati umefunguka, rangi ni ya mdalasini. Ikianza kulia kwa kufuatana, hesabu taratibu mpaka 20, kisha epua.

Kuepua si kuzima jiko. Kikaango kizito kina moto wake, na buni zina moto wake ndani, zitaendelea kuiva hata jiko likiwa limezimwa. Mara ya kwanza nilipoachiwa kazi hii peke yangu nilizima moto nikaenda kufungua mlango, na niliporudi zilikuwa za rangi ya chokoleti. Wageni walikunywa, hawakusema neno, lakini mama mkwe alizionja akaniambia nikaange nyingine mbele yake usiku ule ule. Kwa hiyo uwe na ungo tayari. Mimina papo hapo, rusha, pepeta karibu na mlango. Upepo unapoza na unaondoa vijiganda kwa pamoja. Vijiganda hivyo vikibaki vinaleta uchachu wa vumbi.

Jaribio la mwisho ni jino. Itafune punje moja iliyopoa. Inatakiwa ivunjike kwa mlio, kama karanga iliyokaangwa ikakolea, na ulimi upate utamu wa mbali. Ikikunjika chini ya jino, haijaiva. Ikisagika kuwa unga mara moja, umepitiliza. Gramu 100 zitarudi kama 87 hivi, maana maji yametoka. Ziweke katika mkebe, ziachie siku moja zitoe hewa yake. Zitakaa vizuri wiki mbili tatu. Ukizisaga, hesabu siku, si wiki.

Kusaga ni kazi fupi lakini ngumu kwa mkono, kwa sababu buni isiyokaangwa sana ni ngumu kuliko ile nyeusi. Kile kikombe kidogo cha blenda cha kusagia viungo kinatosha, ila saga kwa kukatakata: bonyeza, achia, tikisa, bonyeza tena. Unataka chenga zinazofanana na sukari ya dukani. Ukisaga unga kama wa kahawa ya Kituruki, haitatuama, na utawapa wageni tope. Ukiwa na kinu cha shaba na mchi wake, twanga. Katika nyumba za mabedui mlio wa kinu cha kahawa ulikuwa ndio mwaliko wenyewe. Jirani akiusikia alijua pana mgeni na pana kahawa.

Tuje kwenye viungo, na hapa Tanga mna bahati. Iliki ya Amani, katika Usambara Mashariki, ni katika iliki nzuri ninazozijua. Nunua ya kijani, iliyofunga mdomo, usinunue ile iliyopaushwa ikawa nyeupe wala ya unga. Ponda maganda na mbegu pamoja muda mfupi kabla ya kuitia. Katika swali lako umesema unachemsha vyote pamoja, na hilo ndilo kosa la pili. Mafuta yanayoipa iliki harufu yake ni mepesi, yanaruka na mvuke. Ukiichemsha dakika 15, nyumba nzima itanukia iliki na kikombe hakitanukia kitu. Harufu uliyokuwa ukiifurahia jikoni ndiyo ile iliyokosekana kikombeni. Karafuu ni kinyume chake, ngumu, inataka moto, na inataka adabu. Karafuu 3 kwa lita moja, zikizidi 4 utanywa dawa ya jino. Siitii bila ya kukumbuka kwamba imekwenda Oman kutoka kwetu, tangu Seyyid Said bin Sultan alipohimiza mashamba ya mikarafuu Unguja na Pemba katika karne ya 19. Halua wanayoiandaa kando ya kahawa, ya samli na zafarani na maji ya waridi, utaitambua kwa ulimi wako kabla hujaambiwa jina.

Zafarani inataka jicho. Ile rangi ya unga ya kutilia biriani si zafarani, hata kama muuzaji anaiita hivyo. Ya kweli ni nyuzi nyekundu zilizokoza, upande mmoja zimetanuka kama tarumbeta. Weka nyuzi mbili katika maji ya uvuguvugu kwenye kisahani cheupe. Ya kweli hutoa manjano polepole, kama uzi wa moshi unaotambaa, na nyuzi zenyewe zinabaki nyekundu. Ya uongo hutapika wekundu mara moja na nyuzi zinapauka. Usiichemshe nayo.

Na maji ya waridi, mwanangu, soma lebo. Madukani kwetu yako marashi ya kunyunyizia harusini na msibani, na yako maji ya waridi ya kula. Chupa zake zinafanana. Kama haikuandikwa kuwa ni ya chakula, iache kwenye mrashi. Dada yako umwombe akuletee chupa ya Jabal Akhdar, milima ya huko Oman. Kule wanavuna mawaridi majira ya kuchipua na kuyavukiza katika majiko ya udongo, na maji yake yana harufu ya moshi kwa mbali ambayo sijaikuta kwingine.

Kupika sasa. Chemsha maji lita 1 na robo, maana robo itapotea kwa mvuke. Maji yawe matamu. Mji wenu una visima vya maji ya chumvi kama ilivyo pwani yote, na chumvi inaifanya kahawa nyepesi iwe bapa, haina kichwa wala miguu. Nunua ya chupa kwa siku hiyo. Yakichemka, yaepue nusu dakika ndipo utie kahawa vijiko 6 vya chakula visivyo na kilima, kama gramu 30. Ukiitia juu ya moto mkali itafura imwagikie jikoni. Rudisha kwenye moto mdogo kabisa, itembee tu, isiruke. Dakika 10. Baada ya dakika 5 tia karafuu zako. Mwisho wa dakika 10 zima moto, tia iliki 20 ulizoponda, koroga mara moja, funika, na uiache dakika 5 bila ya kuigusa ili mashapo yashuke.

Wakati huo suuza chupa ya chai kwa maji ya moto uiache ipate joto, umwage. Iwe chupa isiyowahi kutiwa chai ya tangawizi, au basi isafishwe kwa magadi na kuanikwa mdomo wazi siku nzima. Ndani yake tia nyuzi kama 15 za zafarani na kijiko kimoja cha chai cha maji ya waridi. Mimina kahawa juu yake taratibu, bila ya kuinamisha sufuria kwa pupa, ukipitisha kwenye chujio. Wazee wa kule walikuwa wakiziba mdomo wa dele, birika lao la kahawa, kwa nyuzi za mtende, nazo zikachuja. Ukiwa na kilifu cha mnazi kisafi, kilichochemshwa, kinafanya kazi ile ile vizuri sana. Robo ya mwisho iliyo na mashapo iache sufuriani. Funga chupa, subiri dakika 10. Ukimimina sasa itakuja rangi ya asali, na iliki itatangulia puani kabla kikombe hakijafika mdomoni.

Isipokuwa hivyo, kosa utalijua kwa ladha. Ikiwa na ladha ya nyasi au ya njugu mbichi, umeepua mapema. Ikiwa kahawia iliyokoza na inakwaruza kooni, umechelewa. Rangi nzuri lakini haina nguvu, ongeza kahawa kijiko, usiongeze muda wa moto. Sukari haitiwi. Shemeji yako atakula tende kwanza, na utamu wa tende ndio unaoisubiri kahawa. Ukipata khalasi au fardhi ni bora, lakini tende yoyote laini itafaa. Wala usidhani kwamba kwa kuwa ni nyepesi haiondoi usingizi. Nguvu ya kukesha haiungui kikaangoni, kwa hiyo wazee wanaopata shida ya usingizi wape kabla ya magharibi.

Kutia kahawa kwenyewe kuna utaratibu wake, na shemeji yako ataona kama umeujua. Mwaka 2015 UNESCO iliiingiza kahawa ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la pamoja la Oman, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Qatar, na kilichoandikwa pale ni ukarimu wake. Dele au chupa inakaa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, na kwa mkono huo huo wa kulia unampa mgeni. Anza na aliye mkubwa au mwenye heshima zaidi, kisha fuata kulia kwake. Hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapokosea kwa nia njema: tunajaza. Kwao kujaza finjani pomoni ni kama kumwambia mgeni anywe aende zake. Tia robo ya kikombe, hata kidogo zaidi, isimchome vidole, ipoe upesi, na uwe na sababu ya kurudi kwake. Atarudisha kikombe, utatia tena. Akitosheka atakitikisa kushoto na kulia mara mbili tatu, ndipo ukipokee. Asipokitikisa, endelea kumtia. Usimuulize kama anataka nyingine, maana kikombe kinajibu.

Kwa Iddi yako fanya hivi. Wiki hii kaanga gramu 100 za kujifunza, na uzikaange mchana ukiwa peke yako, simu umeiweka chumba kingine. Zitakazoungua usizitupe, saga uwape wanaopenda kahawa chungu. Kaanga za wageni siku mbili kabla ya sikukuu, saga asubuhi yenyewe baada ya sala, na iliki usiiponde mpaka maji yawe jikoni. Gramu 87 zitakutolea lita 2 hivi, na kwa finjani zile ndogo zinazotiwa robo, utawatosheleza watu wengi kuliko unavyofikiri. Ukipata kigugumizi kwenye ule mlio wa kwanza, niandikie tena, uniambie kikaango chako ni cha namna gani na moto ni wa gesi au wa mkaa.